Saa Kuukuu na Ushahidi Wake

Saa ya kawaida humwambia mtu wakati uliopo. Kronografu humpimia wakati uliopita. Tofauti hiyo, ndogo kwa kuitazama, ndiyo iliyozaa tawi zima la ustadi wa mafundi saa wa Ulaya. Mwaka 1816 Louis Moinet, fundi wa Kifaransa, alikamilisha chombo cha kupimia miendo ya nyota, kilichoweza kuigawa sekunde moja mafungu 60. Mwaka 1821 Nicolas Rieussec alipima mashindano ya farasi mjini Paris kwa chombo kilichodondosha tone la wino juu ya uso wake kila farasi alipofika mwisho. Kwa ajili ya wino huo chombo kilipewa jina la maneno mawili ya Kiyunani, maana yake mwandika wakati. Wino ulitoweka, jina likabaki. Na katika jina hilo ndimo ilimo siri ya mapenzi ambayo wakusanyaji wa leo wanayo kwa saa hizo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kronografu ilitoka mfukoni ikapanda mkononi. Mwaka 1913 Longines ilikuwa imekwisha kuunda mtambo mahsusi kwa saa ya mkono ya namna hiyo. Marubani waliitumia angani, waganga waliitumia kuhesabu mapigo ya moyo, na waendesha magari waliitumia mashindanoni. Ilikuwa zana ya kazi. Ilikwaruzwa, ikalowa jasho, ikapelekwa kwa fundi, na ilipochoka ikatupwa. Hata zile za anasa hazikuepuka kabisa hali hiyo. Patek Philippe ilianza mwaka 1941 kuuza saa yake ya namba 1518, iliyounganisha kronografu na kalenda ya kudumu. Zilitengenezwa 281 tu, karibu zote za dhahabu. Zinazojulikana kuwa za chuma cha pua ni nne. Mwezi wa Novemba 2016 moja ya hizo nne iliuzwa mnadani Geneva kwa zaidi ya faranga za Uswisi milioni 11. Basi chuma kiliipita dhahabu kwa bei, wala si kwa uzuri wake, bali kwa uchache wake.

Uchache huo ulizidishwa na msiba. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilitoa saa ya mkono iliyoendeshwa kwa betri na fuwele ya kwatsi, yenye usahihi ambao saa ya kamani haikuweza kuufikia. Uswisi, iliyokuwa na wafanyakazi wa saa wapatao 90,000 mwaka 1970, ilibaki na kama theluthi yao katikati ya miaka ya 1980. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini wenye viwanda wengi waliuacha. Mwaka 1975 wenye kampuni ya Zenith, waliokuwa Chicago, waliamuru kazi ya saa za kamani ikomeshwe na vyombo vyake viondolewe. Fundi mmoja wa Le Locle, Charles Vermot, hakuridhika. Alivichukua vyombo vya kutengenezea kronografu ya El Primero, akavificha kidogo kidogo darini, na akaandika kila kimoja kilipowekwa. Miaka ya 1980 watu waliporudi kuzitaka saa za kamani, vyombo vilifichuliwa. Na tangu mwaka 1988 hata Rolex iliutumia mtambo huo, kwa kuurekebisha, katika saa zake za Daytona.

Daytona hiyo nayo ina kisa chake. Ilitokea mwaka 1963, na baadhi yake zilikuwa na uso wa rangi mbili uliopambwa kwa namna ya kigeni, ambao wanunuzi wa siku zile hawakuupenda. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, husema Waswahili. Lakini saa hiyo haikujiuza hata kidogo, ikalala madukani. Mwigizaji wa Marekani, Paul Newman, alipewa moja na mkewe, Joanne Woodward, ambaye alichora mgongoni mwake maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu. Mwaka 1984 Newman alimpa saa hiyo kijana rafiki wa bintiye, aliyekuwa akimtengenezea kibanda cha mtini na ambaye hakuwa na saa. Tarehe 26 Oktoba 2017 iliuzwa New York kwa dola 17,752,500, na sehemu kubwa ya fedha ikaelekezwa katika hisani. Saa za Daytona zenye alama ya jambia la Oman, zilizoagizwa miaka ya 1970 kwa ajili ya zawadi za Sultani Qaboos, hutafutwa kwa sababu iyo hiyo: alama ya mtoaji imebaki usoni.

Hapo ndipo panapozuka hatari. Ikiwa thamani ya kitu ni habari zake, basi mwenye tamaa hatafanya kazi ya kuiba kitu. Atafanya kazi ya kutunga habari. Mwezi wa Novemba 2021 Omega Speedmaster ya mwanzo iliuzwa Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 3, na mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza ya kwamba saa ile iliungwa kwa vipande vya saa mbalimbali, na kwamba waliokuwa watumishi wake walihusika. Vipande vingi vilikuwa vya kweli. Saa nzima ilikuwa uwongo.

Mwanafunzi wa historia hana budi kuutafakari mfano huo, kwani maandishi nayo yaweza kuungwa vivyo hivyo: kila tarehe sahihi, kila jina sahihi, na habari nzima ya uwongo. Kwa hiyo mkusanyaji mwaminifu huuchukia msasa na rangi mpya. Uso uliochujuka huuacha ulivyochujuka. Mkwaruzo huuacha mahali pake. Na fundi akibadili kijiti kimoja, hudai kile cha zamani na kukihifadhi pamoja na hati yake. Kwa mvaaji wa kale, kubadilishiwa uso uliochakaa kulikuwa hisani ya fundi. Kwa mkusanyaji ni ukurasa uliochanwa.

Chombo cha Rieussec kiliandika wakati kwa wino. Kronografu kuukuu imeandikwa na wakati wenyewe, kwa kutu, kwa jua na kwa mikono ya watu waliokufa. Anayeisugua ing'ae hufuta maandishi hayo, na hakuna mnada duniani uwezao kuyarudisha.