Fidia Si Sadaka: Majeruhi wa Tarehe 7 Agosti 1998



Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, magaidi wa Al-Qaeda walilipua balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Watu 224 walifariki dunia, 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Wamarekani miongoni mwao walikuwa 12 tu. Waliobaki, kwa sehemu kubwa, walikuwa Waafrika waliokuwa wakitafuta riziki yao. Jumba la Ufundi liliporomoka na watu wakiwamo. Katika majengo ya jirani, wengi waliokimbilia madirishani baada ya kusikia mshindo wa kwanza walipofushwa na vioo.

Ni nani aliyewafidia? Mwaka 2011 mahakama ya shirikisho ya Marekani iliamua kwamba Sudan, iliyompa Osama bin Laden hifadhi kuanzia 1991 hadi 1996, iliwajibika pamoja na Iran. Mwaka 2020 Sudan ilikubali kutoa dola milioni 335, ikaondolewa katika orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi. Fedha hizo ziliwahusu pia wahanga wa meli ya kivita USS Cole, iliyoshambuliwa mwaka 2000.

Lakini mlango wa sheria hiyo ulikuwa mwembamba. Uliwapokea raia wa Marekani, na wasio raia waliokuwa wakiitumikia serikali yake, pamoja na jamaa zao. Hata ndani ya mlango huo, kifo cha mtumishi Mmarekani kilipangiwa dola milioni 10, na cha mwenzake asiye raia dola 800,000. Mpita njia, karani wa jengo la jirani na mchuuzi wa barabarani walibaki nje. Bomu halikumwuliza mtu uraia wake, fidia iliuliza.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, chamwagiza amjeruhiye mwenzake amlipe kwa muda aliopoteza na kumgharimia hadi apone. Huo si ukarimu, ni deni. Naye Msamaria Mwema, ambaye hakuwa na deni lolote, alilipa gharama za nyumba ya wageni bila kuuliza kabila la majeruhi.

Basi, mhalifu asipopatikana, au mlango wake ukifungwa, deni hilo halifutiki. Dola iliyopokea kodi ya mwananchi na kuahidi kumlinda haina budi kumtibu, kumsomeshea yatima wake na kumpa njia ya kujikimu. Maua ya kila tarehe 7 Agosti ni heshima kwa marehemu. Kipofu aliye hai anadai haki yake.

Tuwaombee marehemu pumziko la milele, na tuwasemee walio hai mbele ya wenye mamlaka. Mungu awabariki nyote.