Gitaa la Solo Baina ya Mwadui na Geita

Wanaoandika habari za nchi iliyo kusini mwa Ziwa Viktoria, kuanzia Shinyanga hadi Geita, hushughulika sana na almasi, dhahabu, pamba na ng'ombe, na aghalabu hulipita gitaa bila ya kulitupia jicho, kana kwamba watu waliochimba mchana hawakuwa na jioni. Ilhali mimi naona kwamba mojawapo ya kazi za ustadi zilizofanywa katika nchi hiyo, kazi isiyoandikwa katika daftari la mgodi wala la serikali, ni ile ya kijana mwenye gitaa la umeme aliyekaa mbele ya santuri ya Kikongo, akijaribu kuifanya sauti ya nyuzi zake ilingane na sauti iliyotoka katika sahani ile.

Gitaa la umeme halina kauli pasipo umeme, na umeme katika nchi ile ulifuata madini. Dhahabu ya Geita iligunduliwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, lakini mgodi wa zamani ulifanya kazi tangu 1936 hadi 1966. Nayo almasi ya Mwadui, si mbali na mji wa Shinyanga, iligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, ambaye kabla ya kufariki mwaka 1958 alikuwa amekwisha kusimamisha pale porini mji kamili wenye karakana, hospitali na nyumba za wafanyakazi. Penye mshahara wa mwisho wa mwezi hapakosi ukumbi wa dansi. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928 na kupita Shinyanga, ndiyo iliyokuwa njia ya mengine yote: sindano za gramafoni, nyuzi, betri na santuri zenyewe.

Santuri za kwanza zilizotikisa bara hazikuwa za Kongo hata kidogo. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilitoa kwa ajili ya soko la Afrika mfululizo wa sahani zenye herufi GV, nyingi zikiwa nyimbo za Kuba, na hizo ndizo zilizowafundisha watu mwendo wa rumba, Kongo na Tanganyika sawia. Mwaka 1948 ikaanzishwa Leopoldville lebo ya Ngoma, wenzake wakafuata, na katika miaka ya hamsini gitaa la umeme likashika hatamu, majina mawili yakasimama juu ya mengine: Franco wa OK Jazz, aliyezivuta nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada, sauti yake nzito yenye makali, na Nicolas Kasanda, aliyeitwa Docteur Nico, mpiga solo wa African Jazz, ambaye sauti yake ilikuwa nyembamba, safi, yenye kumetameta. Mwaka 1960, viongozi wa Kongo walipokuwa Brussels wakijadili uhuru wa nchi yao, African Jazz ya Joseph Kabasele ilikuwa huko huko, ikarekodi "Indépendance Cha Cha", na gitaa la Nico likaingia katika kila pembe ya Afrika iliyokuwa na redio.

Upande wetu, Tabora ilikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro na Tabora Jazz, na Dar es Salaam ikaanzishwa mwaka 1959 Western Jazz, bendi ya Iddi Nhende na wenzake wa Jimbo la Magharibi. Fauka ya hayo, masikio ya Wasukuma yalikuwa yamekwisha kunolewa kabla gitaa halijafika. Tangu karne ya 19 jamii mbili za wachezaji ngoma, Bagika na Bagalu, zilikuwa zikishindana baada ya mavuno, na ushindi ulihesabiwa kwa wingi wa watazamaji waliovutwa upande huu au ule. Hadhira iliyolelewa hivyo haiwezi kudanganywa kwamba wimbo ni ule ule, ilhali gitaa linalia vingine.

Kazi yenyewe ya kuifuatisha santuri ilikwenda hivi. Mpigaji aliweka santuri ya mizunguko 45 kwa dakika, akasikiliza kipande cha solo, akainua mkono wa sindano, akaurudisha nyuma kidogo, tena na tena, hata sahani ikachakaa mahali pamoja kuliko pengine; na kama vidole vya Nico vilimshinda kwa wepesi, aliitia mashine mwendo wa 33, wimbo ukashuka kwa nusu-toni tano hivi, ukaenda polepole kiasi cha kuhesabika noti moja moja. Noti zikisha kupatikana ilibaki sauti, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mpigaji alihama kutoka pikapu, yaani kinasa sauti cha gitaa, ya karibu na daraja, ambayo sauti yake ni kali, akaenda ile ya karibu na shingo, ambayo sauti yake ni ya mviringo. Alisogeza mkono wa kulia mbele na nyuma. Kisha akageukia amplifaya na vifundo vyake vya besi na trebo. Nyuzi mpya zilikuwa adimu, na wako waliofunga waya wa breki ya baiskeli, ambao haulii kama uzi wa kiwandani hata ubembelezwe vipi.

Vifundo hivyo viwili vina nasaba yao. Mwaka 1952 Mwingereza Peter Baxandall alitangaza mchoro ambao redio na gramafoni zisizo na idadi zimeufuata tangu siku hiyo: kifundo kimoja huinua au kushusha masafa ya chini, cha pili ya juu, na ya kati huachwa takriban yalivyo. Kwa dansi huo ni upungufu mkubwa, maana tabia ya gitaa la solo imo hasa katikati. Noti nyingi za solo huangukia baina ya mizunguko 300 na 1,000 kwa sekunde, na ule mguso wa kidole unaomtambulisha mpigaji umo baina ya 2,000 na 5,000. Aliyeitafuta sauti ya Nico kwa kuzidisha trebo mpaka mwisho alipata makali ya kuchoma masikio pamoja na mvumo wa mashine, akairudisha nyuma, akajikuta tena na sauti iliyofunikwa blanketi.

Walakini lawama si ya mpigaji peke yake, kwani santuri haibebi sauti kama ilivyotoka katika chombo. Lau besi ingechongwa kwa nguvu zake zote, mfereji wa sindano ungepanuka ukauingilia jirani yake. Na lau trebo ingeachwa na udogo wake, ingezama katika mkwaruzo. Kwa hiyo mafundi huipunguza besi na kuizidisha trebo wakati wa kuchonga, kisha mashine ya kupigia huipindua hesabu hiyo. Zamani kila kampuni ilikuwa na hesabu yake; mwaka 1954 chama cha watengenezaji santuri cha Marekani, RIAA, kikaweka kanuni moja, ambayo kwayo masafa ya mizunguko 10,000 hupandishwa karibu desibeli 14, na yale ya mizunguko 50 hushushwa karibu desibeli 17. Basi chukua santuri ya kabla ya kanuni, uipige katika mashine ya baada yake, kwa sindano iliyochoka na spika moja katika kasha la mbao juu ya kaunta ya baa, nawe utasikia gitaa ambalo hakuna mtu aliyewahi kulipiga. Kijana wa Mwadui aliyelifuatisha hilo alifuatisha kitu kilichozaliwa pale pale kaunta.

Redio ilizidisha mchujo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na kuanzia 1965 tukawa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Lakini mawimbi ya kati ya redio hayachukui muziki uliopita mizunguko 5,000 hivi, na spika ndogo ya transista haina la kusema chini ya 200. Katika uchochoro huo gitaa la solo lilipita karibu zima, besi ikabaki mlangoni. Nadhani ndiyo sababu wazee wa bara, wakitaka kukukumbusha wimbo wa zamani, hukuimbia solo kwa mdomo na si besi.

Sisemi kwamba walishindwa. Western Jazz walipoutangaza mtindo wao wa Saboso, magitaa yao hayakuwa ya African Jazz wala ya OK Jazz, na sioni kuwa ni kwa kutojua. Ni zao la masikio yaliyokuwa yakiwania kitu kimoja na vyombo vilivyokuwa vikitoa kingine. Wale walioikaribia mno asili ya Kongo, nasema kwa kupenda kwangu, hawanifurahishi nusu ya waliokosea.

Siku hizi katika Kahama, Geita na Shinyanga nyimbo za Kisukuma hurekodiwa kwa kompyuta, na zipo programu za ikolaiza, yaani za kurekebisha masafa, zinazofuatisha sauti zenyewe. Prodyuza huipa programu rekodi ya asili, huipa na gitaa jipya. Programu hutumia hesabu ya kuichambua sauti katika masafa yake, iliyotangazwa na Cooley na Tukey mwaka 1965, ikapima wastani wa nguvu ya kila masafa katika rekodi zote mbili, ikatoa moja katika nyingine, na tofauti ikawa mstari wa kuinua na kushusha. Kazi iliyokula usiku mzima hukamilika kwa dakika. Lakini ikolaiza ni kama mwalo wa wachimbaji wadogo wa Nyarugusu: zulia hushika chembe nzito na maji huchukua mchanga, ila mwalo haujapata kuzaa dhahabu isiyokuwamo katika mawe yaliyopita karashani. Kama uzi umechakaa na masafa yake ya juu hayapo, kuyainua ni kuinua mvumo. Na kama rekodi ya asili ina tumba na tarumbeta ndani yake, mashine huzihesabu kuwa ni gitaa.

Kwa hiyo prodyuza mwenye busara hutafuta utangulizi, mahali gitaa lilipo peke yake, akaukata na kuupima huo tu. Huuzuia mstari usishuke chini ya 80, maadamu uzi mnene wa E una mizunguko 82, wala usipande mbali zaidi ya 5,000, kwa kuwa spika ya gitaa ya inchi 12 hufifia haraka juu ya hapo; huulainisha vilima vyake, kisha huchukua nusu ya marekebisho na kuiacha nusu. Na kama asili yenyewe ni wimbo ulionaswa redioni na kuhamishwa kutoka mkanda hadi simu, ambao trebo yake imekwisha kuliwa njiani, huiachia mashine kulinganisha ya kati peke yake, na kuhusu ya juu humwambia mpigaji ahamie pikapu ya darajani.