Linafoot: namna ya kusoma musimu wa makundi

Mara nyingi wapenzi wa mupira huku Kalemie wanasikia ekipe fulani iko ya kwanza, wanashangilia, kisha kombe linabebwa na mwingine. Hakuna wizi hapo. Ni mpango wa makundi.

Katika musimu wa 2023-2024 shampiona ya Linafoot iligawa timu katika makundi mawili, mashariki na magharibi. Sababu kubwa ni njia. Kutoka huku ziwani hadi Kinshasa barabara si ya kutegemea. Ekipe inapanda ndege, na tiketi za wachezaji ishirini na makocha wao zinamaliza pesa yote ya kilabu. Basi kila mutu anaanza na jirani zake, hata kama kwa Kongo jirani naye anaweza kuwa mbali sana.

Kundi la mashariki ndilo gumu. Humo kuna TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo, zote za Lubumbashi, zote za mwaka 1939. Lakini kuongoza kundi kunakupa tu nafasi katika awamu ya mwisho, pale mashariki na magharibi zinakutana. Mwaka 2024 Mazembe ndio walibeba ubingwa. Maniema Union ya Kindu, muji usio na migodi ya Lubumbashi, nayo ilifika makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika.

Kwa ekipe ya Kalemie ngazi inaanza chini: shampiona ya muji, ligi ya jimbo, kisha daraja la pili la taifa. Na hapo tena, safari.