Kicheko cha Kashasha na Swali la Nafsi

Tarehe 30 Januari 1962, wiki saba na siku chache tangu Tanganyika ijipatie uhuru wake, wasichana watatu wa shule ya bweni ya wamisionari huko Kashasha walianza kucheka wasiweze kujizuia. Siku hizo Kashasha ilihesabiwa katika wilaya ya Bukoba. Leo imo katika wilaya ya Muleba. Ilipofika tarehe 18 Machi, siku shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamekwisha kupatwa. Waalimu, Wazungu wawili na Waafrika watatu, hakupatwa hata mmoja wao.

Habari hii imesimuliwa ulimwenguni kama kichekesho, na hilo ndilo kosa la kwanza la kuondolewa. Madaktari wawili, A. M. Rankin wa Makerere na P. J. Philip aliyekuwa akifanya kazi Bukoba, walitoa uchunguzi wao mwaka 1963, na mambo waliyoyaeleza hayana furaha ndani yake. Kicheko kilichanganyika na kilio. Mgonjwa alihangaika huku na huko, akapigana na waliojaribu kumshika, akalalamika kuwa vitu vinatembea kichwani mwake na kwamba yuko mtu anayemkimbiza. Hali hiyo iliweza kudumu saa chache tu, au siku hata 16. Ikaacha, na kwa wengine ikarudi. Hakufa mtu. Wahaya waliyaita endwara y'okusheka, maradhi ya kucheka. Wengine waliyaita akajanja, yaani wazimu.

Sababu ilitafutwa katika damu, katika maji ya uti wa mgongo, na katika chakula. Haikuonekana sumu wala kijidudu. Miongoni mwa watu walikuwapo waliodhani kwamba hewa imeharibiwa na mabomu ya atomiki, na dhana hiyo haikuwa ya kijinga, kwa kuwa miaka ile mataifa makubwa yalikuwa yakiyajaribu mabomu hayo hewani. Mwishowe madaktari walikata shauri kwamba ni histeria, maradhi ya moyo yaliyoenea katika kundi la watu.

Neno hilo likifika barazani hugeuka upesi likawa "walijifanya tu." Hapa ndipo fikira za kale za Bara Hindi zinapofaa, ijapokuwa zilizaliwa mbali sana na migomba ya Buhaya. Shankara, mwanafalsafa wa karne ya 8 aliyefundisha kwamba kweli ni moja isiyo na uwili, alipenda mfano wa kamba na nyoka. Mtu apita njiani jioni, aona kamba, adhani ni nyoka. Nyoka hayupo, lakini jasho lililomtoka mtu yule ni jasho kweli, na moyo uliomwenda mbio ulikwenda mbio kweli. Madaktari walimtafuta nyoka katika damu na chakula wasimwone. Walikuwa na haki ya kusema hayupo. Wasikilizaji wao hawakuwa na haki ya kusema kwamba na hofu haikuwapo.

Lakini mfano huo haufiki mwisho wa jambo. Ukileta taa, nyoka hutoweka papo hapo. Kashasha taa ililetwa: vipimo havikuonyesha ubaya wowote, shule ikafunguliwa tarehe 21 Mei, na wasichana 57 wakapatwa. Mfuasi wa Shankara atajibu kwamba taa ile ilimulika chakula, haikumulika nafsi, na jibu lake lina nguvu. Hata hivyo mafundisho ya Buddha yanaingia ndani zaidi katika kisa hiki.

Husimuliwa kwamba Buddha, akisema na wanafunzi wake watano wa kwanza karibu na mji wa Varanasi, aliwapa hoja nyepesi: lau mwili ungekuwa nafsi yako, ungekutii; ungeuamuru uwe hivi nao ukawa. Vivyo hivyo maono na fikira. Kwa kuwa havitii, kwa nini kuviita "mimi"? Msichana wa Kashasha aliyekiamuru kicheko chake kikome, nacho kisikome, alikuwa katikati ya hoja hiyo bila kuitaka. Kicheko kilikuwapo, mateso yalikuwapo. Mwenye kucheka hakuonekana.

Wahaya wenyewe hawakuwa wageni wa jambo hilo. Katika ibada zao za zamani za Wamara, Mugasha na Irungu, mtu aliyepandwa husema "mimi" kwa niaba ya mwingine, na jamaa husikia bila kustaajabu. Haifai kudai kwamba wasichana walipandwa na mizimu, ushahidi hapana. Linalodaiwa ni dogo zaidi: kwamba nchi ile ilikuwa na adabu ya kumpokea mtu ambaye "mimi" yake imeondoka kwa muda, na shule ya bweni haikuwa na adabu hiyo. Shule ilikuwa na mlango wa kufungwa.

Nao ulipofungwa, maradhi yalirudi nyumbani pamoja na watoto. Nshamba, walikokuwa na kwao baadhi ya wasichana, walipatwa watu 217 katika Aprili na Mei, wengi wao vijana. Mwezi Juni ikawa zamu ya shule ya wasichana ya Ramashenye, karibu na mji wa Bukoba: wanafunzi 48. Mmoja wao alirudishwa kwao Kanyangereka, na waliotangulia kupatwa huko ni jamaa zake wa karibu. Madaktari waliona kwamba kila mgonjwa alikuwa amekutana na mgonjwa mwingine. Buddha alifundisha kwamba hili huzuka kwa kuwa lile limezuka, pasipo mwenye kulimiliki. Na ramani ya mwaka ule, kutoka bweni hadi jiko la mama, yaonekana kama imechorwa kulithibitisha neno hilo.

Kashasha ilifungwa tena mwishoni mwa Juni. Katika maandishi ya 1963 wasichana wake wana hesabu na umri, kati ya miaka 12 na 18, majina hayamo. Walio hai sasa ni mabibi waliopita miaka sabini. Atakayetaka kujua ni nani aliyekuwa akiwakimbiza, hao ndio wa kuulizwa.