Jenetiki Ilifika Meru na Embu kwa Mti wa Kahawa

Mwanafunzi anayeanza somo la jenetiki katika vyuo vikuu vya Embu, Chuka au Meru hukutana kwanza na minji ya Mendel, mtawa aliyechapisha matokeo yake mwaka 1866, yakapuuzwa hadi 1900. Minji hiyo ina haki yake darasani. Hata hivyo, mashamba yanayovizunguka vyuo hivyo yana historia yake ya urithi wa jeni, na ninashikilia kwamba kozi ya mwanzo ingeeleweka vizuri zaidi ikianzia hapo. Chuo Kikuu cha Embu chenyewe, kilichoanza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Nairobi, kiko mahali palipokuwa chuo cha kuwafunza maofisa wa kilimo.

Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliruhusu Waafrika wa Kisii, Embu na Meru wapande kahawa kwa majaribio. Walowezi walipinga, wakidai, miongoni mwa mengine, kwamba wakulima hao wangeeneza magonjwa. Dai hilo halikuwa na msingi: ugonjwa wa chulebuni, ambao wakulima wengi huuita CBD, ulikuwa umetambuliwa magharibi mwa Kenya mwaka 1922, kabla ya majaribio hayo kuanza. Kuvu wake hutia doa jeusi lililobonyea kwenye buni changa, doa likatanuka, na buni ikanyauka au ikaanguka. SL28, aina iliyochaguliwa katika Maabara ya Scott na kusifiwa kwa ladha yake, haikuwa na kinga ya maana. Mkulima alibaki kunyunyiza dawa msimu baada ya msimu, na mvua ikizidi dawa huoshwa.

Mwaka 1971 watafiti wa kituo cha kahawa cha Ruiru walianza kuitafuta kinga ndani ya mti wenyewe. Mwaka 1980 watafiti van der Vossen na Walyaro walieleza kwamba kinga hiyo inatawaliwa na jeni katika sehemu tatu za kromosomu. Jeni ya R, iliyopatikana katika kahawa ya Rume Sudan, ni tawala: nakala moja yatosha. Jeni ya k hujificha, kwa hiyo mti lazima uirithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Ya T, iliyotoka kwenye chotara wa Timor, iko katikati. Hizo ni sura tatu za kwanza za kitabu chochote cha jenetiki. Matokeo ya utafiti huo, kahawa chotara ya Ruiru 11, yalitolewa mwaka 1985. Kwa kuwa arabika hujichavusha yenyewe, mbegu ya chotara huyu hutengenezwa kwa mkono: stameni huondolewa kabla ua halijafunguka, tawi hufunikwa, kisha chavua ya mzazi wa pili hupakwa. Ndiyo maana miche yake ilikuwa haba kwa miaka mingi. Aina ya Batian, iliyotolewa mwaka 2010, huzaa watoto wanaofanana nayo; tofauti hiyo ni somo la vizazi, na mkulima huihisi mfukoni.

Yapo mapingamizi mawili mazito. La kwanza ni kwamba arabika ina kromosomu 44, seti nne, jambo linaloweza kumchanganya mwanafunzi mgeni. Lakini wakati seli zinapogawanyika, kromosomu hizo hupangana mbili mbili, na jeni zake hurithiwa kwa uwiano uleule wa Mendel. La pili lina nguvu zaidi: kahawa huchukua miaka kuzaa, na muhula ni miezi michache. Nakubali, kwa majaribio ya mikono tutumie mahindi. Gunzi la mahindi meupe yaliyopandwa karibu na ya njano huonyesha punje za njano zilizotawanyika, kwa sababu kila punje ni mtoto wa chavua yake, na rangi ya njano ni tawala. Mwanafunzi akizipanda punje hizo na kuyachavusha mahindi yake yenyewe kwa yenyewe, atahesabu takriban njano tatu kwa kila nyeupe moja. Atajua pia kwa nini mkulima anayehifadhi mbegu ya H511, chotara aliyezalishwa Embu, hupata msimu unaofuata mimea isiyolingana kwa kimo wala kwa mavuno.

Wahadhiri wa vyuo hivi watatu, minji ibaki kwenye ratiba. Lakini wiki ya kwanza wapelekeni wanafunzi shambani, wasimame kati ya safu ya SL28 na safu ya Ruiru 11 baada ya mvua, na wahesabu buni zenye madoa kabla hawajafungua kitabu.