Bustani za Rungwe: Mkono Ulitangulia Mbegu

Masika yakiisha Tukuyu, wilayani Rungwe, jembe halitundikwi. Kuanzia Juni watu hushuka mabondeni, kando ya vijito vinavyotiririka kutoka Mlima Rungwe, wakainua matuta ya kabichi, karoti, vitunguu na figiri. Udongo wa volkano bado una unyevu. Ukianza kukauka, ndoo na keni humalizia kazi iliyoachwa na mvua. Ukiuliza bustani hizi zilianza lini, wengi watakutajia wamishenari. Jibu hilo ni nusu ya habari.

Mwaka 1879, Mskoti Joseph Thomson alipita kaskazini mwa Ziwa Nyasa akiwa safarini kuelekea Ziwa Tanganyika. Katika nchi ya Wanyakyusa alikuta migomba iliyopangika, nyumba nadhifu na viwanja vilivyofagiliwa, akaisifu kuliko sehemu nyingi alizozipita. Wakati huo hapakuwa na misheni hata moja Rungwe.

Miaka zaidi ya hamsini baadaye, kati ya 1934 na 1938, wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliishi wilayani Rungwe na kuandika kwa kina jinsi watu walivyolima. Kuchimba ardhi kwa jembe kulikuwa kazi ya wanaume na vijana wa kiume. Wanawake walipanda, walipalilia na kuvuna. Majani yalifukiwa ndani ya matuta yaoze, mazao yalipandwa kwa kubadilishana shambani, na samadi ya ng'ombe waliolala ndani ya nyumba ilirutubisha migomba. Maharage, maboga, magimbi na viazi vitamu vilikuwa chakula cha kila siku. Huo ni ujuzi wa vizazi.

Basi wageni walileta nini? Mwaka 1891 Wamoravian wa Kijerumani, akiwemo Theodor Meyer, walifungua misheni Rungwe, na mwaka huohuo Walutheri wa Berlin wakaanza kazi jirani. Wote walitoka nchi ambayo theluji hufunga mashamba, kwa hiyo mboga nyingi hulimwa wakati wa joto tu. Rungwe mambo yaligeuka: Juni hadi Agosti ni miezi ya baridi, lakini ni baridi isiyoua mche. Kabichi na viazi mviringo, mazao ya nchi za baridi, vilikuta hali vinayoipenda katika msimu ambao Ulaya isingeweza kuutoa.

Wajerumani walijenga boma lao huko Rungwe na kuliita Neu Langenburg. Mei 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Uingereza yaliliteka, wamishenari wa Kijerumani wakaondolewa, na mji ukajulikana kwa jina la Tukuyu. Viazi havikuondoka nao. Vilikuwa vimekwisha kupata wenyeji wa kuvilima.

Lakini kulima kwa ajili ya kuuza kulihitaji mnunuzi. Miaka ya 1930 machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, yalijaa watu wasiolima, na Rungwe ikawa miongoni mwa sehemu zilizowalisha. Baada ya uhuru, Serikali ilihimiza jembe kwa kauli kama "Siasa ni Kilimo", iliyotangazwa Iringa mwaka 1972. Katika muongo huohuo kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, karibu na Mbeya, kilikua kwa msaada wa nchi za Nordiki. Baadaye kilitoa mbegu za viazi kama Kikondo. Reli ya TAZARA na barabara ya lami vikaisogeza Dar es Salaam karibu na matuta ya Isongole, wilayani Rungwe.

Leo kila Agosti, bustani zikiwa zimeshamiri, wakulima wa Nyanda za Juu Kusini hukutana kwenye maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, vilivyopewa jina la mwanasiasa wa TANU aliyetokea upande huu. Hapo mkulima huonyeshwa mbegu mpya, dawa mpya na pampu mpya.

Kinachomsumbua zaidi, hata hivyo, ni gunia. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa likaongezewa kilemba juu, humfanya auze viazi vingi kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inaikataza, ila dalali anapofika shambani na Fuso ikiwa inanguruma barabarani, mizani ni nadra kuonekana.

Kwa zaidi ya karne moja kila aliyekuja Rungwe amekuja na somo la kulima: mmishenari, bwana shamba, mtafiti. Baadhi ya masomo hayo yalisaidia sana. Lakini Thomson alishaona mwaka 1879 kwamba kulima si jambo lililopungua hapa. Kilichopungua ni mizani ya haki, na hiyo haioti kwenye tuta.