Frodo Aliposhindwa Mlimani

Novemba 1954 wasomaji wa Uingereza walimaliza kitabu cha pili cha The Lord of the Rings, hadithi ya J.R.R. Tolkien, wakamwacha Frodo mikononi mwa adui, hai lakini mfungwa. Cha tatu hakikuwa dukani. Tolkien alikuwa bado anahangaika na nyongeza alizoahidi, za kalenda, za nasaba na za lugha alizozibuni mwenyewe, na kitabu kilitoka tarehe 20 Oktoba 1955. Waumini wanaolalamika mahubiri yakiahirishwa Jumapili moja wawafikirie watu hao waliongoja miezi 11.

Kuigawa hadithi mara tatu hakukuwa mpango wake. Aliianza Desemba 1937 kama kitu kimoja, lakini baada ya vita karatasi ilikuwa ghali, na wachapishaji waliogopa hasara. Hata jina la kitabu cha tatu, The Return of the King, yaani Kurudi kwa Mfalme, hakulipenda, kwa kuwa aliona linatoboa siri ya mwisho. Sisi tunaona hofu yake ilikuwa ya bure. Jina linatuambia kwamba mfalme atarudi. Halituambii yatakayotokea mlimani.

Kwa wasioijua hadithi: Frodo ni mtu mdogo wa kimo na wa cheo, aliyekabidhiwa pete yenye nguvu mbaya aipeleke hadi mlima wa moto ilikofuliwa, aitupe humo iteketee. Mbio za majeshi na wafalme zote zinategemea safari hiyo. Anatembea kwa njaa na majeraha, mwishoni anabebwa mgongoni na mtumishi wake Sam. Anafika ukingoni. Na hapo, pa kuitupa, anasema pete ni yake, anaivaa.

Kinachookoa dunia si mkono wake. Gollum, kiumbe aliyeharibiwa na pete hiyohiyo miaka mingi nyuma, anamrukia, anamng'ata kidole pamoja na pete, anateleza na kuanguka navyo motoni. Gollum angeweza kuwa amekufa zamani. Bilbo, mlezi wa Frodo, alikuwa na upanga mkononi akamwonea huruma. Frodo naye alimwacha hai, na hata Sam, asiyempenda kamwe, alishindwa kumchoma pale chini ya kilele.

Kitabu kilipotoka, msomaji mmoja alimwandikia Tolkien kwa hasira kwamba Frodo alistahili kunyongwa kama msaliti, si kupewa heshima. Tukumbuke zama zile: Vita vya Korea vilikoma 1953, na watu walikuwa wakibishana juu ya wafungwa waliorudi wakiwa wamevunjwa nia. Tolkien hakukana kwamba Frodo alishindwa. Alijibu kwamba mzigo ulipita nguvu za kiumbe yeyote, na aliihusisha habari hiyo na Sala ya Bwana, pale tunapoomba msamaha na kuomba tusitiwe majaribuni. Aliyasema hayo mtu aliyekuwa Somme mwaka 1916, akarudishwa nyumbani kwa homa ya mahandaki. Kufikia 1918 marafiki zake wa karibu wote walikuwa wamekufa, isipokuwa mmoja. Alijua jinsi mtu mwema anavyofika mahali akaishiwa.

Alikuwa Mkatoliki imara, na huenda angetabasamu kuwaona Walutheri wakimdai. Lakini tusomapo ukurasa ule tunaisikia Warumi 7. Nasi sharikani tuna waliobeba mizigo miaka 30, wazee wa kanisa, wanakwaya, wainjilisti, wakaanguka kwenye hatua ya mwisho. Kuwatenga tunajua sana. Siku ya kuwarudisha kundini tunawasimamisha mbele, na macho ya watu wengi yanafanana na barua ile.

Pete iliteketea tarehe 25 Machi. Tolkien hakuokota tarehe hiyo barabarani: ndiyo sikukuu ya Mariamu kupashwa habari na malaika, nayo mapokeo ya kale yaliihesabu kuwa siku ya kusulubiwa Bwana. Uingereza ilianza mwaka wake siku hiyo hadi 1752, na katika kitabu Gondori inaamua kufanya vivyo hivyo.

Wengi hufunga kitabu kwenye karamu ya ushindi, na wanakosa yaliyo bora. Frodo anarudi kijijini, anakuta Saruman, mchawi aliyekiharibu. Wenzake wanataka kumuua. Frodo anakataza, hata baada ya Saruman kujaribu kumchoma kisu. Kisha anaishi kimya, kila Oktoba na kila Machi majeraha ya zamani yanamrudia, na majirani wanaomshangilia Sam hawamjali sana yeye. Baada ya miaka miwili anapanda meli kwenda Magharibi, na Sam anarudi nyumbani kwa mkewe na mtoto.